Mtu wa Bahari Kutoka Goesan

Uongo wa Do Gyuho ulianza kwa mtu kusikia vibaya. Ilikuwa kwenye mkahawa wa samaki wabichi mjini Suwon, Korea Kusini, siku aliyotambulishwa kwa Yunmi, na meza nzima ilikuwa inapiga kelele. Rafiki mmoja wa Yunmi akamuuliza kwao ni wapi. Gyuho akajibu, "Goesan," kule kwenye mahindi na pilipili, milima pande zote, katika mkoa pekee nchini usio na hata kipande cha pwani. Yule dada akasikia Goseong, kule juu kaskazini, pwani ya mashariki.

"Goseong! Kumbe mtu wa bahari!" akapayuka. "Yunmi, mwenzetu umepata mtu wa bahari!"

Yunmi, ambaye mpaka hapo alikuwa anachezea vijiti vyake, akainua uso. "Kweli? Ufukweni kabisa?"

Gyuho angeweza kusema hapana. Neno moja tu. Lakini macho ya Yunmi yalikuwa yamemwangukia yeye kwa mara ya kwanza jioni ile, naye hakutaka yaondoke.

"Ufukweni kabisa," akasema. "Ukifungua dirisha, chumvi inaingia."

Baadaye, ilipobidi wazazi waonekane, uongo ule ukahitaji kiraka. Ndugu zake walikuja kwenye harusi na basi kutoka Goesan, wakiwa na magunia ya mahindi, wanaume wamechomwa jua la shambani. Gyuho akamzua babu. Alisema babu yake upande wa mama alikuwa mvuvi huko Goseong, na ndiye aliyemlea mpaka alipomaliza shule ya msingi. Babu wa kweli alilima pilipili na alikufa kabla Gyuho hajazaliwa.

Hata hivyo, si kila alichosema kuhusu bahari kilikuwa cha kubuni. Ujanani, alipopelekwa jeshini, walimtupa Goseong, karibu na mpaka, kulinda pwani. Siku zile fukwe zote za kule zilikuwa nyuma ya seng'enge, na askari walipewa zamu ya kutazama maji. Gyuho hakuwa ameona bahari maishani mwake. Siku ya kwanza alipopanda kibandani na kuikuta iko pale, pana hivyo, inang'aa asubuhi kama bati jipya, alisahau kumpigia saluti sajenti na akala adhabu. Hakujali. Alikaa pale mpaka mwisho wa utumishi wake akiitazama kupitia matundu ya waya. Alijua rangi yake kabla ya mvua na baada ya mvua. Alijua upepo upi unaleta mawimbi na upi unayalaza. Kitu kimoja tu hakukifanya: hakuigusa. Ilikuwa marufuku hata kulowesha buti.

Kwa hiyo alipoieleza, watu walimwamini. Sokoni alichagua samaki kwa kuwafunua mashavu. Alimfundisha mkewe kushika pumzi kwenye beseni la kuogea, na Yunmi alitii, akaibuka akitweta. Na kila majira ya joto familia ilipokwenda pwani ya magharibi iliyo karibu na Suwon, Gyuho alibaki mwavulini. "Haya ni matope," alisema. "Mtu wa mashariki haogelei kwenye matope." Aliyeingia majini na binti yao Daon alikuwa Yunmi, kila mara, bila kukosa. Gyuho hakujiuliza kwa nini.

Mwaka ambao mama mkwe wake alitimiza miaka sabini, Daon, aliyekuwa darasa la pili, alisema bibi apelekwe kwenye bahari ya baba. Kila mtu akashangilia. Gyuho naye akashangilia, kwa sauti kuliko wote.

Walikwenda watano: Gyuho, Yunmi, Daon, mama mkwe, na Changbae, mdogo wake Yunmi, kapera mwenye mdomo usiopumzika. Njia nzima Changbae alikuwa kazini.

"Shemeji, bahari imepiga simu. Inauliza umefika wapi."

"Iambie nimekwama kwenye foleni."

"Inasema imekutandikia kitanda."

Daon alicheka mpaka akapaliwa. Walipofika, alishika mkono wa baba yake. "Baba, nyumba ya babu iko wapi? Nionyeshe."

Gyuho akatazama huku na huku. Seng'enge ilikuwa imeondolewa miaka mingi, na mahali pa kibanda chake pamekuwa na maduka ya kukodisha miavuli. Akaelekeza kidole kwenye hoteli mpya ya ghorofa nyingi. "Waliibomoa, wakajenga ile."

"Masikini babu," Daon akasema, akaiinamia hoteli kwa heshima, kichwa chini kabisa, kama anavyoinamia makaburi ya mababu sikukuu ya mavuno. Mama mkwe akakohoa. Yunmi akageuka kutoa mizigo garini.

Asubuhi ya pili walikodi mwavuli na tyubu kubwa ya njano. Jua lilikuwa kali, maji ya buluu iliyokolea, mawimbi madogo madogo kama mtu anakunja shuka. Kwenye mwavuli wa jirani alikuwapo bwana mmoja mnene kutoka Daejeon, Bwana Pyo, na watoto wawili. Alipoulizana hali na Gyuho na kusikia kwamba ni mwenyeji, akasogea na kiti chake.

"Basi leo nina bahati. Niambie, pako salama?"

Gyuho akanusa hewa. Alipenda sana kuulizwa. "Unaona maji yalivyolala? Watu wanadhani ndiyo salama. Sivyo. Upepo unatoka mlimani leo, unasukuma kila kitu kwenda nje. Mpira, kofia, tyubu. Usimwache mtoto kwenye tyubu bila kuishika kamba."

"Ona sasa!" Bwana Pyo akawaita watoto wake. "Msikilizeni mjomba. Huyu kazaliwa humu."

Na aliyoyasema Gyuho yalikuwa kweli tupu. Akiwa askari alikuwa ameona upepo ule ukibeba vitu visivyo na idadi. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye kuliko mengine, kwamba alikuwa anajua.

Kabla ya chakula cha mchana, Yunmi alikwenda na mama yake kununua mahindi ya kuchemsha juu barabarani. Aliondoka akisitasita. "Daon, toka majini kwanza, kaa na baba mpaka nirudi."

"Nenda bwana," Gyuho akasema. "Niko hapa."

Changbae naye akaitwa na kijana wa pikipiki aliyeleta kuku wa kukaanga mpaka kwenye kibao cha lango la ufukwe. Wakabaki baba na mtoto.

"Baba, tuingie."

"Mama amesema usubiri."

"Mama anaogopa tu, yeye si mtu wa bahari. Wewe je?" Akamvuta mkono. "Nisukume mpaka kule kwenye maboya. Kidogo tu. Hujawahi kuingia na mimi hata siku moja."

Bwana Pyo alikuwa anawatazama, anatabasamu. Gyuho akavua fulana.

Maji yalikuwa ya baridi kuliko alivyowahi kufikiri. Kwa miaka yote aliyoyatazama, baridi yake hakuijua. Yalimfika magotini, kiunoni, Daon amekaa juu ya tyubu kama malkia, miguu inaning'inia. "Mbele! Mbele!" Gyuho akasukuma. Yakamfika kifuani. Ndipo mchanga ukaisha. Pwani ile hushuka ghafla, kila mwenyeji anajua. Mguu wake ukatafuta chini, ukakuta hakuna. Kichwa kikazama, mdomo ukajaa chumvi. Alirudi nyuma kwa kupapatika, akapata mchanga, akasimama anakohoa.

Kamba ya tyubu haikuwa tena mkononi mwake.

Tyubu ilikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Mtu yeyote ajuaye kuogelea angeifikia kwa mikono miwili mitatu. Daon alidhani ni mchezo. "Njoo basi!" akasema. Upepo ukaigeuza tyubu polepole, ukaanza kuondoka nayo.

Gyuho akatazama ufukweni. Bwana Pyo alikuwa amesimama, mkono juu ya macho, anaangalia. Mwokoaji alikuwa mbali upande wa pili, anapuliza filimbi kuwafukuza vijana waliopanda gati. Ilitosha Gyuho apige ukelele mmoja. Lakini ukelele ule ungemwambia Bwana Pyo, na watoto wa Bwana Pyo, na ufukwe mzima.

Basi akatabasamu.

Akatabasamu akapunga mkono, kama baba anayemfundisha mtoto kujitegemea. "Piga makasia kwa mikono!" akasema kwa sauti ya furaha. "Haya, Daon! Moja, mbili!"

Bwana Pyo akacheka, akarudi kukaa.

Daon akapiga maji kwa viganja. Tyubu ikazidi kwenda. Ilipita maboya. Uso wa mtoto ukabadilika. "Baba?" akasema, si kwa nguvu. Kisha, "Baba! Baba!" Na Gyuho bado alikuwa na tabasamu usoni, alilisikia limekakamaa pale kama barakoa, na hakujua jinsi ya kulitoa. Miguu yake haikusogea mbele wala nyuma.

Aliyepiga kelele alikuwa mama mkwe. Sauti yake ilitoka juu barabarani, ikapasua ufukwe wote. Gyuho alipogeuka aliona mfuko wa mahindi umetupwa mchangani na Yunmi anakimbia, nguo zake zote mwilini. Alimpita mumewe bila kumtazama. Akapiga mbizi.

Akaogelea. Hakupapatika hata kidogo. Mkono mmoja ulitoka majini mrefu na mtulivu, ukaingia, ukatoka mwingine, kichwa kikageuka pembeni kuvuta hewa, kikarudi. Aliyakata maji kama aliyezaliwa humo. Gyuho, maji kifuani, alimtazama mkewe akienda mbali naye, na wazo lililomjia lilimtia haya hata palepale: Amejifunza wapi?

Yunmi aliifikia tyubu mbali sana nje. Muda mfupi baadaye mwokoaji akafika na pikipiki ya majini akawavuta wote wawili. Watu walikuwa wamesimama ukingoni wanapiga makofi. Yunmi akashuka na mtoto mgongoni. Midomo ya Daon ilikuwa ya zambarau.

Bwana Pyo alileta taulo yake kubwa. Alimpa Gyuho bila kumtazama machoni. "Pole, ndugu," akasema. Akaongeza, kwa wema tu, bila kejeli yoyote, "Kuhusu upepo ulisema kweli."

Laiti mchanga ungefunguka ummeze.

Walikaa mwavulini. Changbae alikuwa ameshika boksi la kuku, hajui aliweke wapi. Mama mkwe akalichukua, akalifungua, akaanza kugawa vipande kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Kula, mkwe wangu."

"Nimeshiba, mama."

"Nimesema kula."

Akala. Kuku alikuwa kama pamba mdomoni. Daon alikuwa amefungwa taulo mpaka kidevuni, amejiegemeza kwa mama yake, na alikuwa anamtazama baba yake. Kisha akauliza, "Baba, kwa nini ulikuwa unacheka?"

Hakuna aliyemwelewa isipokuwa Gyuho. Changbae akasema, "Nani anacheka, mtoto mzuri? Baba alikuwa anaogopa."

"Hapana. Nilikuwa naita, na yeye anacheka."

Yunmi akamgeukia mumewe. Gyuho akaweka mfupa chini, akainuka, akaenda zake.

Alikwenda mpaka kwenye mabomba ya kuoshea mchanga, nyuma ya vyoo, akafungua maji, akaosha miguu ambayo ilikwisha kuwa safi. Alikuwa bado anaiosha Yunmi alipofika, nywele zinadondoka.

"Mtoto anasema kweli?" akauliza.

"Kweli."

"Ulikuwa unacheka?"

"Yule bwana wa Daejeon alikuwa anaangalia." Gyuho alisema hivyo kwa miguu yake. "Sijui kuogelea, Mama Daon. Sijawahi kujua. Sikulelewa hapa. Hakuna babu. Mimi ni mtu wa Goesan, na nilikuja hapa nikiwa askari, nikaitazama bahari kupitia waya. Basi. Hiyo ndiyo bahari yangu yote."

Alisubiri. Alitegemea kofi, au kilio. Yunmi akafunga bomba.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Yote. Tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Tulikuwa kwa mama yako tunatia kabichi chumvi, nikamuuliza habari za baba yake mvuvi. Akanitazama kama nina homa. Akasema, 'Mwanangu, kwetu hakuna hata bwawa la bata.'"

Gyuho akahisi masikio yakiwaka moto. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulikuwa unaieleza vizuri mno. Nikawaza, mtu akipenda kitu namna ile, ana kosa gani akijifanya ni chake?" Akakamua nywele zake kwa nguvu. "Na mimi niliogelea kwa timu ya shule, mpaka sekondari. Mama na Changbae wanajua. Nikawaambia wafunge midomo, maana ulikuwa unafurahi sana kunifundisha kushika pumzi kwenye beseni."

"Ulikuwa unashika pumzi..."

"Nilikuwa nashika kicheko."

Lakini hakuwa anacheka. "Ndiyo maana sikuwahi kukuachia Daon majini. Nilijua. Na leo nikaenda kununua mahindi. Niliona haya kukwambia usiingie naye, mbele ya mama, mbele ya yule bwana. Nikakustahi. Nimekustahi mpaka nikakaribia kumzika mwanangu." Akajifuta uso na kiganja. "Usidhani nimekusamehe. Ila sijui nianze na wewe au na mimi mwenyewe."

Wakasimama pale, kila mmoja anatazama upande wake, mpaka mama mmoja mwenye mtoto aliyejaa mchanga akaomba apishwe bombani.

Siku ile hakuna aliyeingia tena majini. Changbae alijitahidi kidogo wakati wa chakula cha jioni. Alimwambia mwenye nyumba waliyopanga kwamba supu yake ni tamu "hata mtu wa bahari ameimaliza," kisha akasikia alichokisema, akainamia bakuli. Mama mkwe akampiga kijiko mkononi. Gyuho alitamani angempiga yeye.

Asubuhi alimkuta Daon ameketi kibarazani anakula tikitimaji, anatema mbegu mbali kadiri awezavyo. Gyuho akakaa ngazi ya chini yake.

"Jana uliniuliza kitu."

Daon akatema mbegu.

"Nilikuwa nacheka kwa sababu nilikuwa naona aibu. Sijui kuogelea, na sikutaka watu wajue. Nilipaswa kupiga kelele, nikacheka. Nilikosea vibaya sana, Daon. Nisamehe."

Mtoto akafikiri. "Na babu wa hotelini?"

"Hayupo. Nilimtunga."

"Nilimwinamia!" Hapa ndipo alipokasirika kweli. Uso ukawa mwekundu. "Mbele ya watu wote wale! Nimeinamia hoteli!"

"Ndiyo."

"Mjomba aliona. Bibi aliona. Bibi anajua?"

"Bibi anajua."

Daon akaweka ganda chini, akajifunika uso kwa mikono miwili inayonata. Gyuho aliona shingo ya mwanawe imesimama wima, akatambua kwamba amemgawia aibu ile ile aliyokuwa anaikimbia yeye. Hakuthubutu kumgusa. Daon akasema kutoka nyuma ya viganja, "Leo utaingia, na utavaa tyubu wewe. Na usicheke."

Akaingia. Mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, kitambi kimebanwa ndani ya tyubu ya njano, mkewe upande mmoja na mtoto mwenye jaketi la kuelea upande wa pili, akashuka majini mbele ya miavuli yote. Bwana Pyo alikuwapo. Watoto wake wakanyoosha vidole. "Mjomba si alizaliwa humu?" mmoja akauliza, na baba yake akamziba mdomo. Changbae aliyekuwa kwenye mkeka akalala kifudifudi, mabega yanatikisika. Gyuho alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni mpaka kwenye ngozi ya kichwa, nzito, ya moto, katika maji baridi namna ile. Hakuikwepa. Hakuwa na pa kuikwepea.

"Toa tyubu," Yunmi akasema walipofika kiunoni. "Lala chali. Nitakushika kichwa."

"Nitazama."

"Utazama ukijikaza. Legea."

Alijaribu akazama. Akajaribu tena, akameza maji, Daon akapiga kelele, "Legea, baba, si mama kasema!" Sauti yake ilikuwa ya ukali, lakini mkono wake mdogo ulikuwa umeshika kidole cha mguu wa baba yake, haukiachii. Mara ya nne au ya tano, kitu kikatokea. Masikio yakaingia majini, na kelele zote za ufukweni zikakatika. Akasikia mlio mwingine, wa mchanga unaoburutwa chini, chembe kwa chembe, kama mchele unaopepetwa chumba cha jirani. Maji yakamwinua kifua, yakamshusha. Alikuwa ameitazama bahari ile kuliko mtu yeyote pale, na kumbe ilikuwa na sauti hii ndani, na ilikuwa ikifanya hivi muda wote, ikibeba chochote kitakacholala juu yake, bila kuuliza mtu anatoka wapi. Alilia kidogo. Uso ulikuwa umelowa tayari, hakuna aliyejua.

Walipoondoka, Yunmi ndiye aliyeendesha. Kwenye njia panda hakuchukua barabara ya Suwon.

"Tunakwenda wapi?" Gyuho akauliza.

"Kwa mama yako. Mahindi yamekomaa."

Hakubisha. Walimkuta mama yake uani anapasua pilipili mbichi, mwembamba, kofia ya kitambaa imemfunika shingo. Alimsalimu mama yake Yunmi kwa kumshika mikono yote miwili, akawakalisha, akawaletea maji ya baridi. Kisha akamtazama mwanawe aliyeungua pua.

"Mmetoka baharini?"

"Ndiyo, mama."

"Na baba yangu mvuvi, mmemkuta hajambo?"

Changbae akapaliwa na maji. Gyuho akapiga magoti palepale kwenye udongo wa uani, na maneno aliyoyaandaa njia nzima yakampotea. "Mama..."

"Inuka, utachafua suruali." Mama yake akaendelea kupasua pilipili. Kisha akasema, polepole, "Mimi nilidhani ni sisi. Mkeo aliponiuliza habari za mvuvi, nilimkumbuka baba yako siku ya harusi yako, na koti lake lile la kuazima, nikasema, mtoto ametuonea haya, acha ajitafutie babu mwingine. Sikukasirika. Ila niliacha kuja Suwon."

Gyuho alikuwa amedhani kwa miaka yote kwamba mama yake hapendi safari. Hakuweza kuinua kichwa. Hata aliposikia kiganja cha mama yake begani, kinanuka pilipili, hakuweza.

"Njoo nasi mwakani," Yunmi akasema. "Mama, hujawahi kuiona."

"Niende nikavae nini? Nikafanye nini?" Lakini alikuwa ameacha kupasua. "Hebu niambie wewe, Gyuho. Ikoje?"

Zamani angeanza na rangi, na mwanga, na upepo, na wote uani wangenyamaza wamsikilize. Alifungua mdomo. Daon alikuwa anamwangalia, macho makali, anasubiri asikie atakachosema.

"Ni ya baridi, mama," akasema. "Na ukiimeza inawasha koo. Mengine siyajui vizuri bado."

Mama yake akaitikia kwa kichwa, akamsukumia kwa mguu beseni la pilipili. "Shika kisu basi, nisaidie. Usijiguse macho."